Mwaka wa Ziada Bondeni

Wenzake wote pale kwenye ujenzi wa bwawa walikuwa wajenzi. Yeye kazi yake ilikuwa kuvunja. Kila asubuhi alifunga aproni ya turubai, akavaa miwani ya plastiki iliyokwaruzika, akaingia kwenye kibanda cha bati kilichoandikwa MAABARA kwa rangi nyekundu, na kufikia saa sita mchana alikuwa ameshavunja vipande vya zege kumi na nane, siku nyingine thelathini. Vibarua walimwita Dada Kipimo. Walisema ukimkaribisha chai atauliza sukari ni gramu ngapi. Alicheka nao, kwa sababu kweli aliwahi kuuliza.

Vipande vyenyewe waliviita kyubu: pande sita zilizo sawa, kila upande sentimita kumi na tano, uzito wake kama mtoto wa miezi minane. Kila zege lilipomwagwa ukutani, kiasi kidogo kilichotwa kikajazwa kwenye kalibu za chuma kwa tabaka tatu, na kila tabaka likashindiliwa kwa fimbo mara thelathini na tano. Kesho yake kyubu zilitolewa kwenye kalibu, zikaandikwa namba na tarehe kwa kalamu ya nta, zikazamishwa kwenye tangi la maji. Chache zilivunjwa zikiwa na siku saba, kuonja tu. Zile za kutoa uamuzi zilikaa majini siku ishirini na nane. Siku hiyo ikifika, Dada Kipimo aliipangusa kyubu kwa tambara, akaipima uzito, akaiweka katikati ya sahani mbili nzito za mashine, akafungua taratibu mafuta yanayozisukuma sahani. Sindano ilipanda. Kyubu ikilia na kupasuka mapema, mhandisi anaitwa mbio.

Alikuwa mzuri wa kazi hiyo kuliko wanaume waliomtangulia. Mkuu wa maabara, mzee mmoja mfupi mwenye kikohozi kisichoisha, alikuwa akisema mbele ya watu, "Huyu binti akiniandikia namba, mimi naweka sahihi nimefumba macho."

Jambo moja halikusemwa sana pale kambini. Dada Kipimo alizaliwa katika bonde lile lile ambalo ukuta ule ulikuwa unajengwa kulizamisha.

Kwao kulikuwa juu ya mto, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka maabara. Mradi ulipoingia, walitangaza kwamba vijana wa bondeni waliomaliza shule watafikiriwa kwanza katika kazi. Yeye alichukuliwa kwa sababu ya mwandiko wake safi. Alipokwenda kumwambia baba yake, mzee aliacha randa juu ya ubao, akamtazama sana, kisha akasema, "Basi tupate hata mmoja wetu wa kuujua ukuta huo vizuri."

Baba yake alikuwa fundi seremala, na watu walimwita Fundi Milango. Alikuwa na uwezo wa kutengeneza kitanda, kabati, hata jeneza, lakini moyo wake ulikuwa kwenye milango. Karibu kila nyumba bondeni ilikuwa na mlango wake. Kabla ya kukata ubao aliuliza mtu mrefu kuliko wote katika nyumba hiyo ni nani, akamsimamisha ukutani na kumwekea alama ya penseli juu ya kichwa kama wanavyofanyiwa watoto. Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka kumi na mmoja. Fundi hakuoa tena. Alijifunza kusuka nywele za mtoto wa kike kwa kuwatazama majirani, na kwa mwaka mzima binti alikwenda shule na mistari iliyopinda kichwani, akiwaambia wenzake ndiyo mtindo mpya.

Ukuta ulipofika nusu, malori yalianza kuja kuhamisha watu. Walipelekwa kwenye makazi mapya, tambarare moja yenye upepo, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Watu waling'oa mabati, wakang'oa madirisha, na wa mwisho kung'olewa ulikuwa mlango. Walimwita Fundi awasaidie kufungua bawaba bila kuuvunja. Kwa miezi mitatu kazi yake ikawa hiyo, kuishusha milango ile ile aliyoipandisha. Kila Jumamosi binti yake alipokwenda kumwona, alikuta nyumba kadhaa zaidi zimebaki wazi, zimetumbua matundu meusi.

Jumamosi moja alimkuta amekaa juu ya benchi la kazi bila kufanya lolote, kitu ambacho hakuwahi kukiona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wamesema mageti ya bwawa yanafungwa lini?"

"Kabla ya mvua kubwa. Miezi minne hivi. Ukuta ukifika alama nyeupe, wanafunga."

"Na usipofika?"

"Mto ukishajaa hawawezi kufunga. Itabidi wasubiri mwaka mwingine. Lakini utafika, baba. Kazi inakwenda vizuri."

Mzee alipangusa vumbi la mbao kwenye magoti yake. "Ningepata mwaka mmoja tu," akasema.

"Wa kufanya nini?"

"Wa kukaa."

Alilisema mara moja tu, wala hakulirudia. Lakini lilimkwama binti kifuani. Akiwa kitandani kambini alilisikia, akiwa anashindilia zege kwenye kalibu alilisikia.

Wiki tatu baadaye Mkuu wa maabara alipelekwa mjini kutibiwa kifua chake, naye Dada Kipimo akaachiwa maabara peke yake. Alhamisi ya wiki hiyo zilitimiza siku ishirini na nane kyubu tatu za sehemu ya tisa ya ukuta. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya katikati, ambayo nyingine zote ziliiegemea. Kwenye daftari, kipimo cha nguvu cha siku saba kilikuwa ishirini na mbili. Kilichotakiwa mwisho ni ishirini na tano. Zege lililotoa ishirini na mbili likiwa na wiki moja litavuka ishirini na tano bila jasho, kila mtu wa maabara anajua hivyo.

Alizitoa majini, akazipangusa. Kyubu ina nyuso tano laini, zilizogusana na chuma cha kalibu, na uso mmoja wa juu uliosawazishwa kwa mwiko, ambao hauwi sawasawa hata ujitahidi vipi. Siku zote kyubu hulazwa ubavu ili sahani za mashine zishike nyuso laini. Ni jambo la kwanza alilofundishwa na Mkuu, siku yake ya kwanza, saa mbili asubuhi.

Aliiweka ya kwanza uso mbaya ukiwa juu. Kisha akachota mchanga kidogo kwa vidole, akaunyunyiza chini yake upande mmoja, ili mzigo uegemee huko na kyubu ipasuke mapema. Akafungua mafuta.

Sindano ilipanda vizuri, ikasitasita, kyubu ikapasuka pembeni kwa sauti kavu. Mzigo ulikuwa mia nne na kumi. Akaugawanya kwa eneo la uso wa kyubu kama kawaida: kumi na nane nukta mbili. Ya pili, kumi na tisa. Ya tatu, kumi na saba nukta nane. Akaziandika kwa ule mwandiko wake safi.

Mhandisi wa eneo alikuwa mwanamke mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Alisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni, akarudia kuisoma.

"Siku saba ishirini na mbili, leo kumi na nane? Tangu lini zege likarudi nyuma?"

"Ndivyo mashine ilivyosema, mhandisi."

"Na mashine iko sawa?"

"Imekaguliwa mwezi uliopita."

Mhandisi alikunja karatasi akaitia mfukoni. "Sijaelewa," akasema, "lakini sitamwaga zege jingine juu ya kitu nisichokielewa. Sehemu ya tisa isimame. Tuitoboe, tutoe sampuli ukutani kwenyewe."

Ujenzi ukasimama. Mashine ya kutobolea ilitakiwa itoke mbali, na ikachelewa. Bila sehemu ya tisa, zile za pembeni nazo hazikuweza kupanda. Wiki ya pili vibarua sitini walirudishwa makwao mpaka hapo watakapoitwa. Dada Kipimo hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amewaza baba yake, ukuta na mvua. Watu hakuwaweka kwenye hesabu.

Miongoni mwao alikuwamo mwendesha mashine ya kuchanganyia zege, kijana mnene aliyeitwa Kelele, kwa kuwa alizoea kupiga mayowe juu ya ngurumo ya mashine hata akikuomba chumvi mezani utadhani nyumba inaungua. Walikuwa wakila pamoja mchana karibu kila siku. Alikuja kumuaga begi likiwa begani, na siku hiyo alisema kwa sauti ya chini.

"Dada, sehemu ya tisa niliichanganya mimi."

"Najua."

"Nimekaa nikifikiri. Labda niliongeza maji bila kujua. Siku ile jua lilikuwa kali, zege lilikuwa zito, labda mkono ulipitiliza." Akamtazama. "Wewe unaonaje? Ni maji?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema.

"Sijui, Kelele."

"Haya," akasema. "Nisalimie wengine." Akaondoka.

Sampuli za kutoboa zilipovunjwa, tena mjini, kwa mikono ya watu wengine, zilitoa thelathini na moja. Ukuta ulikuwa mzima kabisa. Lakini wiki tano zilishapita, na mawingu yalikuwa yameanza kupanda nyuma ya vilima.

Mkuu alirudi siku mbili baada ya majibu hayo, amekonda, shati linampwaya. Alizunguka nyuma ya maabara kwenye lundo la vipande vilivyovunjwa, akainama, akapekua mpaka akapata vyenye namba ya sehemu ya tisa. Alivileta ndani, akavipanga mezani.

"Binti, njoo. Kyubu iliyovunjwa vizuri inabaki na umbo gani?"

"Inamenyeka pande zote nne, mkuu. Katikati inabaki na kiuno."

"Hii ina kiuno?"

Ilikuwa imemenyeka upande mmoja tu. Kwenye uso wa chini chembe za mchanga zilikuwa zimejichapa ndani ya zege, na uso wa juu ulikuwa na mikwaruzo ya mwiko.

"Hii ingefanywa na mgeni, ningesema ni ujinga," Mkuu akasema, kisha kikohozi kikamkatiza kwa muda mrefu. Alipopata pumzi aliuliza, "Kwa nini?"

Akamweleza yote: benchi la kazi, matundu meusi ya milango, neno moja la baba yake. Mkuu alisikiliza akiwa ameshika kile kipande.

"Nami nina baba," akasema mwishowe. "Yupo hai mpaka leo, ana miaka tisini na kitu. Kwa hiyo nimekuelewa, usidhani sijakuelewa. Lakini wewe ulikuwa unashika ukuta wenye watu chini yake. Mtu akijua kwamba namba yako inaweza kushushwa kwa mapenzi, atajuaje kwamba haiwezi kupandishwa kwa mapenzi?" Akaweka kipande mezani. "Naandika ukweli. Nitawaomba wasikufukuze. Lakini mashine hutaigusa tena hapa."

Ndivyo ilivyokuwa. Muda uliobaki wa mradi alichekecha mchanga uani, kwenye vumbi, akipima chembe kubwa na ndogo. Vibarua waliporudi hawakumtania tena habari za sukari. Kelele hakurudi, walisema alipata kazi mbali. Alimwandikia barua akaipeleka kwa anwani ya mjomba wake. Jibu halikuja.

Ukuta ulikosa alama nyeupe kwa mita nne. Mvua ikaanguka, mto ukafura, mageti yakabaki wazi. Fundi Milango akapata mwaka wake.

Alikuwa mtu wa mwisho bondeni. Mradi ulimruhusu abaki kwa sharti kwamba aondoke akiambiwa. Binti yake aliendelea kushuka kila Jumamosi alfajiri, safari hii akipita kijiji kizima kisichokuwa na mtu. Majani yalikuwa yameota mpaka vizingitini. Kuku mmoja aliyeachwa alijichagulia ofisi ya mwalimu mkuu na kutaga kwenye droo. Fundi alikuwa akibisha hodi kabla ya kuingia kuchukua mayai, kwa heshima ya ofisi. Darasani ubao ulikuwa bado na hesabu ya sehemu ambayo hakuna aliyeimaliza. Baba na binti walibishana juu yake wiki nne.

Walipika pamoja. Mzee alimfundisha binti kupiga randa kufuata nyuzi za mti, kitu ambacho utotoni hakumruhusu kwa kuhofia vidole vyake. Jioni walikaa nje, na kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine waliusikia mto wenyewe, ambao zamani kelele za watu zilikuwa zinaufunika. Binti alimuuliza mambo ya mama yake ambayo hakuwahi kuthubutu kuyauliza. Mama yake alikuwa akicheka vipi? Mzee alijaribu kuuiga ule mcheko, akashindwa, akacheka wake mwenyewe mpaka machozi.

Mwaka uliofuata mageti yalifungwa. Walisimama kilimani kutazama. Watu walitegemea kuona wimbi, lakini maji yalikuja polepole tu, yakipenya kwenye majani kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Yalichukua wiki kumi na moja kufika kwenye paa lao.

Baada ya hapo maisha yao yaligawanyika. Fundi alipewa nyumba kwenye makazi mapya, nyumba yenye mlango wa bati kutoka kiwandani kama za wengine wote, naye akawa anatengeneza vigoda. Binti alipata kazi kwenye maabara ya mji mmoja wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Mkuu ndiye aliyemwandikia barua ya kumwombea, na humo hakuficha chochote. Mwajiri alisoma, akasema mtu aliyeandikiwa hivyo waziwazi afadhali kuliko asiyejulikana. Alianza kwa kuosha kalibu. Baada ya miaka mitatu alirudishiwa mashine. Tangu hapo hakuna kyubu aliyoiweka bila kuigeuza mara mbili kuhakikisha uso wa mwiko uko ubavuni, hata wenzake wakawa wanamwiga kwa mzaha.

Alikaa chumba na sebule, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Alikuwa na kazi, marafiki, na mwanamume mmoja, mwalimu wa jiografia, aliyempenda na baadaye akamwoa. Lakini kila Jumamosi alfajiri miguu ilimuwasha. Mumewe alimwambia, "Wewe unakumbuka kwenu kwa saa." Naye hakukataa. Ajabu ni kwamba bonde la utotoni, lenye watu, vilio vya watoto na harusi, lilikuwa limefifia kichwani mwake. Alilolililia moyoni ni lile tupu, lenye mzee mmoja, kuku mmoja na hesabu ubaoni.

Mwaka wa nane tangu sehemu ya tisa isimamishwe alikwenda likizo kwa baba yake, na siku ya tatu akamwambia ukweli. Mzee alikuwa kibarazani akinyoosha misumari ya zamani kwa nyundo ndogo. Alisikiliza bila kuacha kugonga mpaka alipofika kwenye zile kyubu tatu. Hapo nyundo ikasimama.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, baba. Ulisema ungepata mwaka mmoja."

"Mimi nilisema hivyo?" Alifikiri sana. "Sikumbuki. Inawezekana nilisema. Mtu husema." Akauweka msumari kando. "Mwaka ule, mwanangu, ulinitesa. Watu wote wameondoka, nazungumza na kuku. Lori la mwisho dereva alinisubiri saa nzima. Nilitaka kupanda."

"Mbona hukupanda?"

"Si ulikuwa unakuja Jumamosi! Nilisema, huyu mtoto anapenda kwao, akija asikute mtu itakuwaje?"

Binti alikaa chini kando ya misumari. Alicheka, kisha akalia, kisha hakujua ni kipi kati ya hivyo anafanya. Mzee alimwacha amalize.

"Na yule kijana wa mashine?" akauliza.

"Nilimwandikia. Hakujibu."

"Barua!" Fundi alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kali. "Ulimwangalia usoni ukamwambia sijui. Basi kamwangalie usoni."

Ilimchukua mwezi kumpata. Kelele alikuwa msimamizi wa kiwanda kidogo cha matofali, ameota mvi pembeni, na sauti yake haikuwa tena na kelele. Barua haikuwahi kumfikia. Alimsikiliza amesimama juani, mikono imejaa saruji.

"Miaka minane," akasema taratibu, "nikichanganya, napima maji kwa kikombe. Wenzangu wanatumia ndoo, mimi kikombe. Wananicheka." Aliangalia mikono yake. "Asante kwa kuja." Akarudi kwa wafanyakazi wake. Hakumkaribisha maji, wala hakumtukana. Dada Kipimo alisimama pale kidogo, kisha akatafuta njia ya kituo cha basi.

Alipitia kwa baba yake kumpa majibu. Mzee alikubali kwa kichwa. Kesho yake asubuhi akasema anataka kwenda ziwani, kwa kuwa siku hizi kulikuwa na boti ya injini inayovusha wachuuzi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuyakanyaga yale maji.

Walipofika katikati alimwomba nahodha apunguze mwendo, akaanza kutafuta kwa macho. Kilima kile, na kile kingine, na kati yao. Lakini vilima vikitazamwa kutoka juu ya maji vilikuwa vimekuwa vifupi na vimegeuka. "Sogea kushoto," alisema. Kisha, "Hapana, rudi." Wachuuzi walianza kunung'unika, mmoja akauliza kama mzee amedondosha kitu.

"Baba," binti akasema, "shule ilikuwa upande gani?"

"Ndiyo naitafuta hiyo hiyo."

Nahodha alizungusha boti mara ya tatu. Fundi aliweka kiganja juu ya macho, akatazama pande zote, kisha akashusha mkono.

"Basi," akasema. "Twende tu."

Injini ikanguruma. Dada Kipimo alimshika baba yake mkono, wakaketi wamegeukia nyuma, wakitazama maji ambayo yalikuwa sawasawa kila mahali, mpaka boti ilipogonga ng'ambo na watu wakaanza kushusha magunia yao.